Nani Kaionja Kabichi ya Bi Fumiko?

Naila, naanza na wewe, kwa sababu sikukuu iliyopita nilikuona. Wenzako walipoonja achari yangu walitabasamu kwa adabu, wakawa wanakunywa maji kidogo kidogo. Wewe ulikunja uso wote, ukamgeukia dada yako ukamwambia kwa Kiingereza kuwa Bibi katia chumvi ya nyumba nzima. Mnadhani nikikaa na kanga yangu kichwani basi Kiingereza hakinifikii. Wee! Mimi nimefanya kazi mji huu miaka na miaka, nimeamrishwa kwa Kiingereza, nimetukanwa kwa Kiingereza, hicho chenu cha skuli nitashindwaje kukisikia?

Lakini sikukasirika, na sababu nitakwambieni. Kwanza nataka mjue bibi yenu alikuwa nani kabla hajawa mtu wa kukaa karibu na hita akiuliza miwani yake iko wapi. Bibi yenu alikuwa fundi wa achari. Tena si hizi zetu za maembe na ndimu. Achari za Kijapani. Haya chekeni, mkimaliza mniambie.

Miaka ya tisini tulikuwa tukikaa Kilburn, hapa hapa London, mimi na babu yenu, Mungu amrehemu, na mama zenu wangali wadogo, kwenye fleti ambayo ukitaka kufungua mlango wa jikoni lazima kwanza ufunge wa choo. Nilikuwa nafanya usafi maofisini. Msimamizi wangu aliposikia nafunga Ramadhani akasema watu wanaofunga hufanya kazi kivivu, na wiki ile ile akanipunguzia shifti. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililoniingiza kwenye uongo ninaotaka kukusimulieni.

Siku moja niko kwenye basi, natazama dirishani, nikaona karatasi kwenye kioo cha duka dogo la Wajapani: anatakiwa msaidizi wa jikoni. Nikashuka kituo kilichofuata, nikarudi kwa miguu. Duka lenyewe lilikuwa la kuuza chakula cha visanduku, wali, samaki, na pembeni mboga kidogo za chumvi. Mwenye duka alikuwa bwana mmoja anaitwa Kenji, lakini jikoni alitawala mama yake, kikongwe mfupi, mgongo umenyooka kuliko wangu. Jina lake Fumiko. Mimi nikamwita Bi Fumiko tangu siku ya kwanza, kwa sababu sikulelewa kumwita mtu mzima kwa jina tupu, na yeye alipouliza hiyo Bi maana yake nini nikamwambia ni heshima, basi akaridhika.

Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniwekea visahani vitatu vya matango, akaniambia onja. Nikaonja. Nikamwambia hiki chumvi imepungua, hiki kina sukari ya kuzuga, na hiki cha tatu kina kitu cha baharini sikijui ni nini lakini ndicho kitamu. Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Alifurahi mpaka nikaona haya, nikasema moyoni, mbona matango tu haya? Akaniambia kwa Kiingereza chake cha kukatika, ambacho kilikuwa ndugu wa changu, kuwa ana shida ya ulimi mzuri. Nikadhani anamaanisha ana shida ya mfanyakazi. Wakakubaliana na mwanawe nianze kwa mwezi mmoja wa majaribio.

Sasa msidhani nilianza vizuri. Kile kitu cha baharini kilikuwa mwani. Ndiyo, mwani, mpana, mweusi, umekauka umekakamaa. Mimi nimezaliwa Pemba, dada yangu mkubwa analima mwani mpaka leo, anauanika, anaujaza magunia na kuuza, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuutia mdomoni. Nilipouona jikoni kwa Bi Fumiko nilicheka peke yangu: kumbe hawa ndio wanaoula! Akanipa vipande, nivikate vyembamba kwa mkasi nivichanganye na kabichi. Nikaona vina vumbi jeupe juu. Nikasema hawa wameuziwa mwani mchafu, wenye mchanga na ukungu, ngoja niwaoneshe watu wa Pemba wanavyofanya. Nikauosha maji matatu. Nikausugua kwa brashi. Nikauanika kwenye kamba ya nguo, na pini juu yake.

Bi Fumiko alipouona kwenye kamba alikaa chini. Kumbe lile vumbi jeupe ndilo utamu wenyewe, mtu hupangusa tu kwa kitambaa kikavu, basi. Hakunigombeza. Aliutazama ule mwani unavyoning'inia, akaniuliza kwa upole kama kwetu watu huosha na sukari pia kabla ya kuitia kwenye chai.

Basi nifundisheni nyinyi mnaojua kila kitu kwenye simu, achari za haraka zinatengenezwaje? Hamjui. Sikilizeni. Kwao wanaziita asazuke, na uharaka wake ni huu: hazikai miezi juani kama zetu, hazina mafuta. Leo asubuhi ni tango, mchana ni achari. Chukua tango, yale madogo ya maduka ya Wahindi pale Kenton, si haya marefu ya supamaketi ambayo ni maji yaliyovaa ngozi. Ukikosa, chukua hayo hayo marefu, yapasue katikati, kwangua mbegu kwa kijiko. Kata vipande. Kilo ya mboga, gramu ishirini za chumvi. Bi Fumiko hakupima, alitumia kiganja, lakini nyinyi viganja vyenu sivijui, pimeni. Sugua kwa mikono, taratibu, si kufua. Acha nusu saa. Tango likianza kutoa maji, kamua. Kipande kikikunjika kama mpira kisivunjike, chumvi imeingia. Kikikatika, bado, subiri, acha papara.

Kabichi ya Kichina inataka kubanwa. Unaikata, unatia chumvi, mwani uliokatwa, pilipili kavu moja iliyotolewa mbegu, unafunika kwa sahani, juu yake uzito. Bi Fumiko alikuwa na jiwe lake. Mimi nyumbani natumia chupa mbili za maji. Siku hizi kuna vyombo vya plastiki vyenye skrubu ya kubania, na kuna wanaotia kila kitu kwenye mfuko wa plastiki, wanatoa hewa, wanaweka kwenye friji, na mambo yanakwenda vizuri tu. Mimi si mtu wa kusema zamani ndiyo ilikuwa bora. Jiwe liliwahi kuniangukia kidole, na ukucha haujarudi ulivyokuwa.

Figili nyeupe ndefu nayo unaikata duara nyembamba, chumvi kidogo, kisha siki ya mchele na sukari. Wengine hutia na ule mvinyo wa mchele. Nilimwambia Bi Fumiko sigusi, akaitoa chupa akaipeleka juu kwake, hatukuizungumza tena. Sukari ikizidishwa kidogo hakuna anayejua.

Haya, turudi kwenye uongo.

Wiki ya kwanza na ya pili nilionja kila ndoo. Wiki ya tatu mwezi ukaandama. Ramadhani miaka ile ilikuwa inaangukia baridi, mwezi wa Disemba, siku fupi, saa kumi haijafika jua lishazama. Kufunga kwenyewe hakukunishinda. Kilichonishinda ni kusema. Nilimkumbuka yule msimamizi wangu wa usafi, nikajiambia, Zuwena, zimebaki wiki mbili za majaribio, funga mdomo wako. Naam, najua, masheikh wanasema mpishi mwenye haja anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi akatema. Lakini mimi najijua. Kile kitango chenye mwani kikishagusa ulimi wangu hakitemwi.

Kwa hiyo nikafanya hivi. Bi Fumiko akisema onja, nachukua kipande, nageuka kama napiga chafya, nakitumbukiza kwenye mfuko wa aproni. Nageuka tena natafuna hewa. Akiuliza, sawa? Nasema, sawa. Naye anachukua kipande chake, anatafuna kweli, anatikisa kichwa, sawa. Nikatulia kabisa. Nilijiambia, mimi naongopa lakini yeye ameonja, na yeye ndiye fundi, kutaharibika nini?

Kumbe na yeye alikuwa anajiambia hivyo hivyo kuhusu mimi.

Asubuhi moja nimefika, ndoo ya kabichi iko mezani, imekatwa, kavu. Bi Fumiko yuko juu anatafuta miwani. Nikatia chumvi, nikabana na jiwe. Sikujua kuwa dakika moja kabla yeye alishaitia chumvi yake, haijapata hata nafasi ya kutoa maji. Saa sita kasoro tukaifungua. Nikageuka, nikapiga chafya, mfukoni. Sawa? Sawa. Yeye akatafuna, akatikisa kichwa. Sawa. Ikaingia kwenye visanduku vyote vya mchana.

Mteja wa kwanza kurudi alikuwa mzee mmoja wa Kijapani aliyekuwa akija kila siku, mpole, anainama hata akipewa chenji. Alirudi na kisanduku chake akainama, akaomba maji. Akanywa glasi ya kwanza akainama. Ya pili akainama. Ya tatu hakuinama tena. Nyuma yake mwanamke wa ofisini, yeye hakuinama hata kidogo.

Kenji akaingia jikoni na kisanduku mkononi. Na lazima mjue jambo moja: Kenji alikuwa na pakiti za achari za kiwandani kwenye rafu, za majaribio, zimeshafika tangu mwezi uliopita. Alikuwa anamwambia mama yake kila wiki, Mama umechoka, kaa juu upumzike, tutanunua hizi. Bi Fumiko alikuwa akizitazama pakiti zile kama mtu anayetazama godoro lake limetolewa nje. Siku akiambiwa akae juu, basi amekwisha. Na yeye akikaa juu, mimi nakwenda wapi? Narudi kwa yule msimamizi.

"Nani ameonja hii?" Kenji akauliza.

Mimi nikamtazama Bi Fumiko. Bi Fumiko akanitazama mimi.

"Zuwena ameonja," akasema.

"Bi Fumiko ameonja," nikasema, sauti zetu zikagongana.

Kenji akatia kipande mdomoni. Macho yakamtoka machozi. Akakitema kwenye karatasi, akatutazama mmoja mmoja. "Wote wawili mmeonja hii?" Tukatikisa vichwa, ndiyo. Astaghafirullah, na mimi nimefunga. Akasema Jumamosi ataonja yeye mwenyewe, na ikiwa ni hivi tena, Jumatatu zinafunguliwa pakiti. Akarudi kwa wateja.

Tukabaki wawili. Bi Fumiko alinijia pole pole, akatia mkono kwenye mfuko wa aproni yangu, bila kuniomba ruhusa. Akatoa kipande cha kabichi. Akatoa kingine. Akatoa matango, figili, na vya jana pia, maana nilikuwa nimesahau kuvimwaga. Akavipanga mezani vyote, kwa safu.

Nikasema basi, nimekwisha. Nikamwambia kweli: nimefunga, huu ni mwezi wetu, sili wala sinywi mpaka jua lizame, nilificha kwa sababu nilishawahi kukatiwa kazi. Nililia, sitaki kukufichieni. Kisha hasira ikanipanda, nikamuuliza, lakini wewe Bi Fumiko, wewe umetafuna mbele yangu, wewe ulikuwa wapi?

Alichukua konzi ya ile kabichi, ile ile iliyomliza mwanawe, akaitia yote mdomoni. Akaitafuna. Hakupepesa jicho, hakukunja uso, hakutafuta maji. Akaimeza kama mtu anayekula mkate mkavu, akanitazama.

Nikamuuliza, tangu lini? Akasema miaka minne, tangu homa moja kali iliyompata. Hasikii chumvi, hasikii siki, hasikii tamu. Alikuwa anapika kwa mkono na kwa sikio, kwa namna tango linavyolia likitafunwa. Kenji hajui. Ndiyo maana alitaka ulimi mzuri. Alimpata mtu mwenye ulimi, naye mtu huyo kaufunga mwezi mzima!

Sijui nani alianza kucheka. Tulicheka mpaka tukashikana, tumeziba midomo kwa vitambaa vya vyombo ili Kenji asisikie.

Halafu Bi Fumiko akafuta macho, akaniuliza swali la fundi: jua linazama saa ngapi?

Kesho yake nilimletea kalenda ya msikitini, ile yenye nyakati za sala, akaibandika pembeni ya friji. Na kazi yote ikageuzwa. Chakula cha jioni, cha watu wanaotoka maofisini, kilikuwa kinauzwa kuanzia saa kumi na moja. Basi matango tukawa tunayatia chumvi saa tisa na nusu, ili magharibi iingie nayo yameiva. Kabichi ya mchana wa kesho tukawa tunaionja magharibi ya leo, ikiharibika kuna usiku mzima wa kuitengeneza. Na tukaweka sheria ambayo naitumia mpaka sasa, na nyinyi ishikeni: aliyetia chumvi anageuza kifuniko juu chini. Ukikuta kifuniko kimegeuzwa, toa mkono wako.

Bi Fumiko ndiye aliyekuwa akinihesabia dakika. Anasimama dirishani na kisahani, kina tende moja na kipande kimoja cha tango, anatazama saa, anatazama kalenda, anatazama mawingu ya London ambayo hayasemi chochote. Ikifika, ananisogezea. Nasema Bismillahi, nakula tende, nakunywa maji, halafu tango.

"Usiseme," aliniambia siku ya kwanza, akionesha kidole kule mbele aliko Kenji. "Uso tu."

Basi nikaonja, naye akanisoma. Chumvi ikizidi nyusi zangu hupanda, ikipungua mdomo hunilegea, siki ikiwa kali jicho la kushoto hufumba lenyewe. Mimi sikujua kama uso wangu una mambo yote hayo, hata babu yenu hakuwahi kuniambia. Yeye aliyajua yote kwa siku tatu. Anatazama, anaongeza maji, anakamua tena, ananipa kipande kingine, ananitazama. Jumamosi Kenji alionja. Akaonja tena. Akaja kuchukua kipande cha tatu mama yake akampiga kofi mkononi. Pakiti zilikaa kwenye rafu mpaka zikapitwa na tarehe.

Nilifanya kazi pale miaka kadhaa baada ya hapo, Ramadhani na si Ramadhani, na kila siku ilikuwa hivyo hivyo: yeye mkono, mimi uso. Watu walikuwa wakimsifu Bi Fumiko mbele yangu, naye ananikonyeza. Mpaka miaka ya elfu mbili na kitu miguu ikamshinda, binti yake aliyekuwa akikaa Japani akaja kumchukua arudi kwao. Siku ya mwisho alitaka tutengeneze matango. Akaniwekea kipande kwenye kisahani, akasimama mbele yangu kama siku zote. Nikakitia mdomoni, na yalikuwa sawasawa kabisa, wallahi hayajawahi kuwa sawa vile. Lakini mimi uso ulinishinda. Machozi yalinibubujika, mdomo ukakunjamana wote.

Bi Fumiko akashtuka, akanishika mkono. "Chumvi imezidi?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa tu, hapana, hapana, nikampokonya bakuli kabla hajatia maji.

Sasa nije kwenye ile sababu. Mnakumbuka nilivyougua msimu wa baridi uliopita, mkawa mnaniletea supu? Homa iliondoka. Ladha haikurudi. Sikumwambia mama yako, Naila, kwa sababu namjua, ataniambia Mama kaa, tutanunua. Ile achari ya sikukuu niliitengeneza kwa mkono na kwa sikio, na mkono umenisaliti. Wenzako, Naila, walitabasamu, wakaniambia tamu sana Bibi, na Mungu awabariki kwa adabu yao, lakini hawanifai kwa kitu.

Wewe ulikunja uso.

Njoo Jumamosi. Usilete chochote, matango yapo, chumvi ipo, chupa mbili za maji nimeshazijaza. Kupika hujui, hilo nalijua, wala sikuitii hilo. Utakaa mbele yangu, utaonja, na mama yako akiwepo usiseme neno. Nitazame tu.